Nimekataa cheo kisha nikalia chooni. Shangazi, nina haya au mimi ni mkimya tu?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili, na nafanya kazi kwenye idara ya uhasibu. Safu hii huwa naisoma kimyakimya, kama ninavyofanya mambo yangu yote. Barua hii yenyewe nimeiandika na kuifuta mara nne.

Tangu utoto naambiwa nina haya. Wageni wakija nyumbani, mama alikuwa akiwaambia, "Huyu wangu ana haya, mtamzoea," nami niko nyuma ya mlango nawasikia. Shuleni ripoti ilikuwa ileile kila muhula: mpole, mwenye bidii, aongeze kuchangia darasani. Nimekua na sifa hiyo mpaka nikaizoea.

Mume wangu ni mtu wa watu. Akiingia mahali, robo saa nzima hajafika kwenye kiti, bado anasalimiana. Ananipenda, hilo silalamiki, ila tukitoka tu pamoja neno lake ni moja: "Changamka." Mwezi uliopita wifi yangu alikuwa na sherehe ya kuzaliwa. Nilikaa na bibi mmoja ambaye zamani alikuwa fundi cherehani, tukaongea habari za vitambaa na mishono karibu saa nzima. Nilifurahi kweli. Baadaye nikasaidia kuondoa vyombo, na ilipofika saa tatu usiku nikamuaga mume wangu peke yake, nikachukua watoto tukaondoka. Njiani nilikuwa nimetulia kabisa. Kesho yake nasikia wifi amesema naringa, eti nawaona wao si wa hadhi yangu. Mimi wa kuringa, Shangazi!

Kazini sasa. Tulikuwa kwenye kikao, mwenzetu akaonyesha jedwali la matumizi kwenye skrini. Nikaona palepale kwamba kuna kiasi kimehesabiwa mara mbili. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nikaanza kupanga sentensi kichwani: "Samahani, naomba turudi mstari wa saba." Nikaibadilisha: "Samahani, huenda nimekosea, ila mstari wa saba..." Moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, viganja vimelowa, kalamu inateleza. Kuja kuwa tayari, wao wako ukurasa mwingine. Nikasema basi, nitamwambia pembeni. Baada ya kama dakika ishirini mwenzangu mwingine akaliona, akalisema, mkuu akamshukuru mbele ya wote. Mimi nikatikisa kichwa kama vile nami ndiyo kwanza naliona.

Wiki mbili zilizopita mkuu wa idara akaniita. Wanataka niongoze timu ya watu watano, na kila mwezi niwe nawasilisha taarifa mbele ya wakurugenzi. Hata hajamaliza, nikasema, "Hapana, nashukuru, mimi si mtu wa mbele." Akasema anaheshimu uamuzi wangu, ila nafasi hataitangaza mpaka mwisho wa mwezi. Nikaenda chooni, nikafungulia bomba la maji nisisikike, nikalia.

Dada yangu anasema nitafute kozi ya kujiamini. Rafiki yangu anasema nisijisumbue, mimi ni mtu wa ndani na watu wa ndani hawabadiliki. Kila mmoja akiongea namwona ana haki. Shangazi, nina haya, au ni mkimya tu? Na nibadilike, au nijikubali?

Mfuta-Barua

*

Marahaba mwanangu,

Nashukuru hukuifuta mara ya tano.

Nimeisoma barua yako kwa mpangilio wako, kisha nikairudia kuanzia mwisho, kwa lile bomba la maji. Usiku wa sherehe hukufungulia bomba. Ulipata mtu mmoja wa kuongea naye, ukaongea ukashiba, ukasaidia kazi, ukaondoka ukiwa umetulia. Ofisini ulipewa nafasi ya kuongoza, ukaikataa kabla mtu hajamaliza sentensi, ukaenda kulia. Siku zote mbili watu waliona kitu kilekile: mwanamke aliyesema kidogo akaondoka. Wewe peke yako ndiye uliyejua kwamba siku moja ulirudi na amani na siku ya pili ulirudi na msiba.

Mkimya huongea kidogo kwa sababu kidogo kinamtosha. Mwenye haya ana la kusema, analitaka kulisema, ila kati ya kutaka na kusema kuna kitu kimesimama njiani. Ndiyo maana sipendi kuwapima watu kwa idadi ya maneno. Ninachowauliza ni hiki: siku ikiisha hukusema kitu, unarudi nyumbani na nini moyoni? Wa kwanza atashangaa hata kuulizwa. Wa pili usiku hapati usingizi, anaiendesha upya ile sentensi ya mstari wa saba, na safari hii anaitamka vizuri kabisa, tatizo ni kwamba wasikilizaji ni feni na ukuta.

Kwa hiyo umeuliza nina haya au ni mkimya. Mwanangu, wewe ni vyote viwili, na kila kimoja kina mahali pake. Kwenye sherehe ni mkimya. Kikaoni una haya. Dada yako ameangalia kikao akakuandikia dawa ya maisha yako yote. Rafiki yako ameangalia sherehe akakukataza dawa hata pale unapoumwa.

Wataalamu nao walichelewa kuyatenganisha haya mawili. Hilo jina la "mtu wa ndani" analolitumia rafiki yako lilienezwa na Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, katika maandishi yake ya mwaka 1921. Alikuwa anamzungumzia mtu ambaye nguvu zake huelekea ndani, kwenye fikra zake mwenyewe. Viganja kulowa hakumo kwenye maana hiyo. Halafu mwaka 1981 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Jonathan Cheek na Arnold Buss, walipima vitu viwili kwa kila mtu, mbali mbali: anapenda kiasi gani kuwa na watu, na anaona haya kiasi gani mbele yao. Wakakuta vitu hivi viwili haviendi sare kama ilivyodhaniwa. Wapo wanaopenda upweke bila hofu yoyote, na wapo wanaotamani sana watu huku wanawaogopa. Wakawakutanisha wanafunzi wa chuo wasiofahamiana, wawili wawili, wakawatazama. Unadhani nani aliyepata tabu zaidi? Ni wale wenye haya ambao pia walikuwa wanapenda watu. Ndio walioongea kidogo zaidi, wakakwepesha macho, wakawa wanajishikashika. Yule asiyewahitaji watu sana, hata akiwa na haya, hakuteseka kiasi hicho. Kinachouma ni kutaka.

Na wewe kile cheo ulikitaka. Usiniambie hapana, mtu halilii asichokitaka.

Hapa lugha yetu nayo imekuponza kidogo. Kwetu haya ni sifa njema. Mtu akitaka kumtukana mwenzake vibaya anamwambia hana haya. Mtoto wa kike ndiye hasa anayesifiwa kwa haya, na akishasifiwa nani atauliza kama ndani yake kuna heshima au kuna hofu? Neno moja limebeba mizigo miwili. Haya ile njema humzuia mtu kufanya lisilofaa: kumjibu mzee ovyo, kuingilia maneno ya watu, kujisifu. Sasa niambie, kilichozuiwa kinywani mwako siku ile kilikuwa na ubaya gani? Zilikuwa hesabu zilizokosewa, mwanangu! Kazi unayolipwa mshahara uifanye. Hofu ilivaa nguo ya adabu, ukaipisha ipite.

Mama yako simlaumu, alikuwa anakukinga. Huenda pia kuna kitu ulizaliwa nacho. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard alifuatilia watoto tangu wakiwa na umri wa miezi minne, akakuta karibu 20 katika kila 100 hushtuka na kurusha mikono na miguu sana wakionyeshwa kitu kigeni, na wengi wa hao huja kuwa watoto waangalifu mbele ya wageni. Lakini walipokua si wote waliobaki waoga. Mwelekeo ulikuwepo, hatima haikuwepo. Na huko peke yako hauko: Philip Zimbardo wa Stanford alipoanza kuwauliza watu kuhusu haya miaka ya 1970, karibu 40 katika kila 100 walijitaja kuwa nayo. Kwenye kikao chenu hicho, hesabu mwenyewe.

Mimi nimo kwenye hao 40. Ujana wangu, kabla ya kupiga simu yoyote ya kikazi nilikuwa naandika kwenye karatasi maneno ya kusema, mpaka "Haloo" nayo naiandika. Siku moja mtu wa upande wa pili akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi. Nikakata simu.

Nimekusimulia hilo kwa sababu ya ile sentensi yako ya mstari wa saba. Wewe unaamini kuipanga kichwani kunakusaidia. Ndiko kunakokumaliza. Muda wote unaopanga, masikio yako yameondoka kikaoni, yako ndani yanasikiliza moyo. Unajitazama kama umekaa kiti cha mbele unajikagua: sauti itatetemeka, watasema najifanya najua. Kadiri unavyosubiri, sentensi inazidi kuwa nzito, na kadiri inavyokuwa nzito ndivyo unavyohitaji muda zaidi wa kuipanga. Hapo hata msemaji hodari angenyamaza.

Halafu hayo macho unayoyahofu si mengi kama unavyodhani. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake, Chuo Kikuu cha Cornell, walimvalisha mwanafunzi fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ambayo kijana wa chuo angeionea aibu, wakamwingiza kwenye chumba chenye wanafunzi wenzake. Wakarudia hivyo kwa wengi. Kila aliyevaa alipoulizwa ni wangapi wameitambua picha, makadirio yalikuwa karibu nusu ya waliokuwemo. Walioitambua kweli walikuwa kama robo. Watu wameshughulika na nafsi zao. Yule mkuu wako anawaza chakula chake cha mchana.

Sasa tufanye nini? Kwanza kile cheo, maana mwezi haukusubiri. Kesho nenda, au ukishindwa kwenda mwandikie, kuandika si dhambi: "Nilijibu haraka siku ile. Naomba kulifikiria upya na kupata maelezo zaidi ya kazi yenyewe." Basi. Usijitetee, usieleze utoto wako. Hujakubali bado, umeondoa tu lile hapana lililotoka kabla hujafikiri. Kisha kaa chini ujiulize kama kazi yenyewe unaitaka, ukiweka hofu kando kwa muda: ungetaka kuongoza watu watano, kupanga kazi zao, kujibu kwa niaba yao? Ukikuta hutaki kwa sababu unapenda kufunga hesabu zako peke yako mlango umefungwa, kataa mara ya pili, na safari hii hutalia. Ukikuta kinachokutisha ni zile dakika za kila mwezi mbele ya wakurugenzi, chukua kazi. Dakika hizo zinajifunzika. Na kiongozi si lazima awe mpayukaji. Wafanyakazi wengi wangelipa fedha wapate bosi anayesikiliza mpaka mwisho.

Kuhusu vikao, nakupa zoezi moja. Sema kitu mapema, hata kidogo, kabla kikao hakijakolea. Uliza tarehe. Omba ukurasa uliotangulia. Lengo ni koo lako lizoee kuisikia sauti yako mle ndani wakati bado neno ni jepesi. Ukiona kosa, sema maneno manne yenye kosa hilo, "Mstari wa saba umejirudia," uache wengine waliendeleze. Hiyo "samahani, huenda nimekosea" achana nayo ukiwa huna shaka. Utatetemeka, najua. Tetemeka ukisema. Moyo utadunda vilevile mara ya kwanza, na ya pili, halafu kuna siku utagundua umeshasema na kalamu haikuteleza. Kimoja tu usikifanye: kungoja hofu iishe ndipo uongee. Inakwisha kwa kuongea.

Hiyo kozi ya dada yako sikukatazi, mradi iwe ya kusimama na kusema mbele ya watu halisi. Ile ya kukaa kwenye kiti ukiambiwa unaweza, unaweza, hifadhi pesa zako.

Upo pia mstari ambao ukiuvuka, ushauri wa Shangazi hautoshi. Hofu ikidumu miezi sita au zaidi, ikawa inakufanya ukose kazi, ushindwe kula mbele za watu, ukwepe hata kuhudumiwa dirishani, hiyo ina jina la kitabibu, hofu ya kijamii, na inatibika. Madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza kwenye mwongozo wao wa magonjwa mwaka 1980. Tiba inayosaidia wengi ni ya mazungumzo, ile inayokufundisha kuzipima fikra zako na kuyakabili unayoyahofu hatua kwa hatua. Wengine hupewa na dawa. Kwa ulivyoniandikia sioni umefika huko, ila ukijaribu niliyokwambia ukaona kila kikao unaugua tumbo tangu usiku wake, muone mtaalamu, usione vibaya.

Nirudi kwa wifi, maana huko nina neno la kukukosoa. Ukimya wako wa sherehe hauhitaji kutibiwa, ila unahitaji kutafsiriwa. Mtu akinyamaza, aliye mbele yake hujaza mwenyewe maana ya ile nafasi iliyobaki wazi, na mara nyingi hujaza kwa jambo linalomuuma. Wifi yako aliona umekula, ukaongea na mgeni mmoja, ukaondoka nyumbani kwake bila kumuaga. Mwenye sherehe, mwanangu, unamuaga mumeo unamwacha yeye? Hapo hukuwa mkimya, ulikosea. Ungemwendea dakika moja, umshike mkono, umwambie, "Wifi, nimefurahi, watoto wamechoka, hongera sana." Nusu ya hayo maneno ya kuringa yasingezaliwa. Mtafute hata leo. Mwambie wewe si mwepesi wa maneno lakini ulifurahia siku yake, na yule bibi mshonaji umempenda. Mwombe akukutanishe naye tena. Tunaoongea kidogo tuna deni la kuhakikisha hicho kidogo kinafika kwa anayehusika.

Mumeo naye ana sehemu yake. "Changamka" ni neno la kumwambia mtu aliyesinzia. Kila akikwambia hivyo mbele za watu, anakurudisha kulekule kujitazama. Mwombe abadilishane nawe: yeye aache kusema changamka, wewe umpe ishara mapema ukitaka kuondoka, ili asikukute umeshavaa viatu. Na mweleze kwa ukweli kwamba unafurahi kwa namna yako, kwamba ile saa moja na yule bibi kwako ilikuwa ndiyo sherehe yenyewe. Wachangamfu wengi hawalijui hili, wanadhani aliyekaa pembeni anasubiri kuokolewa.

Suala la kubadilika au kujikubali ulilimalizia barua kana kwamba ni njia panda. Sijaliona hivyo. Kikaoni badilika. Sherehe baki ulivyo, uage tu.

Na hiyo saa tatu usiku uliyoondoka, mimi naona ulichelewa. Mwenzako saa mbili huwa nimeshavua viatu niko kitandani.

Shangazi